Gharama ya gari linalovumilia

Tangazo la kuuza IST Dar es Salaam huanza na herufi. Kabla hujaambiwa mwaka wa kutengenezwa, kilomita, wala rangi, utaambiwa "namba D" au "namba E", na bei itapanda au kushuka kwa herufi hiyo. Wako wanaoicheka desturi hii. Wanasema namba ya usajili haionyeshi umri wa gari, inaonyesha tu lilisajiliwa lini hapa nchini. Ni kweli. IST ya kizazi cha kwanza ilianza kuuzwa Japani Mei 2002 na kukoma 2007, kwa hiyo yenye namba C na yenye namba E zinaweza kuwa zimetoka kiwandani wiki moja. Lakini mnunuzi wa Dar si mjinga. Herufi inamweleza jambo ambalo mwaka wa kutengenezwa haumwelezi: gari limekaa mikononi mwetu muda gani, yaani limeruka matuta mangapi, limetiwa maji ya kisima mara ngapi, na limefunguliwa na mafundi wangapi.

Kwa mtazamo wangu, huo muda wa mikononi mwetu ndio umri wenyewe. Magari haya madogo, IST, Vitz, Passo na ndugu zao, yamepata jina kwa sababu yanavumilia. Ukichelewesha oili linakwenda. Ukilitia maji ya bomba linakwenda. Ukitoa kifaa kimoja na kuunga waya mahali pake, bado litakupeleka kazini kesho. Gari la Kijerumani ukilifanyia hivyo litawasha taa zote na kugoma, nawe utalazimika kutafuta hela. IST haigomi. Inaendelea kutembea huku ikila yenyewe kwa yenyewe, mpaka siku moja inakuletea hesabu yote kwa mkupuo. Ndiyo maana unakutana na watu wawili wenye gari la aina moja, mmoja anaapa kwamba halina gharama kabisa, mwingine anaapa kwamba limemfilisi. Wote wanasema kweli, wamepishana tarehe tu.

Kabla ya kufungua boneti, tuangalie kwanza unanunua nini. Tanzania haikatazi magari ya zamani kama Kenya, ambako gari lililopita miaka 8 haliingii. Sisi tunaliruhusu liingie, kisha tunalitoza kwa umri wake. Chukua gari la zaidi ya miaka 10, injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, na tuseme thamani yake kwa hesabu ya TRA likifika bandarini ni Sh6 milioni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani Sh1.5 milioni. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uchakavu, Sh2.6 milioni na ushei. Juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18, Sh1.8 milioni. Ukijumlisha unapata karibu Sh5.95 milioni, na hapo sijagusa tozo ndogondogo na usajili.

Kwa maneno mengine, kodi inakaribia kulingana na gari lenyewe. Mtu aliyetoa Sh13 milioni yadi anahisi amenunua gari la Sh13 milioni, na anatarajia litulie kama gari la bei hiyo. Alichopata ni chuma cha thamani isiyofika nusu ya hapo, chenye umri wa karibu miaka 20, pamoja na risiti ya serikali na faida ya mwenye yadi. Sisemi kodi ni mbaya. Nasema ukishaijua hesabu hiyo, utaelewa kwa nini hapa kwetu watu hubadilisha injini ya IST badala ya kubadilisha IST: kununua gari jingine ni kulipa kodi hiyo upya.

Sasa tufungue boneti, tuanze na oili, maana huko ndiko wengi wanakoumia.

IST ya kwanza ina injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 au 1NZ-FE ya lita 1.5, na baadhi ya Vitz zinatumia hizo hizo. Hazina mkanda wa taimingi, zina cheni. Fundi akikwambia "hii ni cheni bosi, haibadilishwi", amekwambia nusu ya habari. Cheni hiyo inakazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Mfumo wa VVT-i, unaosogeza muda wa valvu kufunguka, nao unaendeshwa na oili hiyo hiyo ikipita kwenye kichujio kidogo sana. Oili ikichafuka au ikipungua, vyote viwili vinaanza kufanya kazi kwa kubahatisha. Dalili ya kwanza utaisikia asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha: mkwaruzo wa sekunde mbili tatu unapowasha, kisha kimya. Wengi wanausikia kila siku, wanauzoea.

Injini hizi hubeba takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Si nyingi. Zikizeeka, hasa zile ambazo oili yake ilicheleweshwa, ringi za oili kwenye pistoni hunata kwa masizi na injini inaanza kula oili. Tuseme inakula nusu lita kila kilomita 1,000. Kwenye vitabu vya Toyota hiyo bado iko ndani ya kiwango kinachovumilika, na kwenye ekzosi hutaona moshi wa kutisha, pengine buluu kidogo unapokanyaga baada ya kukaa kwenye taa za barabarani. Lakini wewe umebandikiwa kikaratasi kwenye kioo: rudi baada ya kilomita 5,000. Ukisubiri mpaka hapo bila kuchomoa dipstiki, umepoteza lita 2.5 kati ya 3.7. Unaendesha injini kwa lita 1.2, kwenye foleni ya Mwenge, saa nane mchana. Taa nyekundu ya oili haitakusaidia, maana yenyewe inasoma presha, haisomi kiasi. Ikiwaka, mara nyingi beringi za krenkishafti zimeshaguswa, na neno utakalolisikia gereji ni "imenoki".

Dawa ya mtaani ni oili nzito. Fundi anakutilia 20W-50 mahali palipotakiwa 5W-30, ulaji unapungua, mteja anafurahi. Naielewa sababu, na kwa injini iliyochoka sana inayosubiri kubadilishwa sina ugomvi nayo. Lakini kwa injini nzima ni kujitafutia shida, kwa sababu oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na huko juu ndiko cheni na VVT-i vinakoisubiri. Ningemshauri mwenye gari apime oili kila Jumamosi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na aweke kopo la lita moja kwenye buti. Ratiba ya kilomita 5,000 ni nzuri kwa gari lisilokula. Linalokula linakupangia ratiba yake.

Jambo la pili ni joto, na hapa nataka kukaa kidogo, maana sioni sehemu nyingine ya gari iliyoharibiwa kwa nia njema kiasi hiki.

Passo nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto. Ya buluu inatakiwa izime baada ya dakika chache. Hivi karibuni dada mmoja alileta Passo yake gereji kwa sababu ilikuwa inakula mafuta.

"Fundi, haichemshi hata kidogo," alisema, kama mtu anayemsifia mtoto. "Tena taa ya buluu nikiwa naenda Bagamoyo ndiyo inawaka njia nzima."

"Dada, ulishawahi kuchemsha huko nyuma?"

"Mara moja tu, mwaka juzi. Fundi akatoa kitu fulani, akasema hakina kazi huku kwetu, ni cha nchi za baridi."

Hicho kitu ni thamostati. Ni valvu ndogo inayobaki imefungwa mpaka maji yafike karibu nyuzi 80, ndipo inafunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote. Kwenye foleni ya mjini gari litapata joto kidogo, lakini kwenye barabara iliyo wazi upepo unalipoza chini ya kiwango. Kompyuta ya injini haijui kwamba kuna mtu alitoa kitu. Inachosoma ni kwamba injini bado baridi, basi inaendelea kumimina petroli ya ziada kama inavyofanya asubuhi. Ile petroli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo dada yule alikuwa analipa mara mbili, kituo cha mafuta leo na ringi za pistoni kesho.

Tulipofungua kifuniko cha rejeta, kikiwa kimepoa, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukungu wa kutu ulikuwa umeganda kwenye mdomo wa rejeta hadi kidole kikatoka chekundu. Feni nayo ilikuwa imeungwa moja kwa moja na swichi ya kuwashia gari, ikizunguka kuanzia unapowasha hadi unapozima. Yaani hapo nyuma rejeta ilianza kuziba, gari likachemsha, na badala ya rejeta kuzibuliwa au kubadilishwa, vikaondolewa vyote viwili ambavyo vingeonyesha kwamba imeziba. Ugonjwa ukabaki, dalili zikatolewa.

Maji ya visima vya Dar yana chumvi, na injini hizi zina bloku na silinda hedi za aluminiamu. Chumvi, aluminiamu na joto haviwekani chumba kimoja. Kulanti si rangi ya urembo, imewekewa dawa ya kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Galoni yake ni bei ndogo ukilinganisha na kupeleka hedi kuchongwa baada ya kupinda, na hedi ya aluminiamu inapinda kwa kuchemsha mara moja tu ukikaidi kusimama. Kwa hiyo ukienda kununua gari lenye taa ya buluu, liendeshe mahali ambapo halisimami kwa dakika kumi na tano. Taa ikibaki inawaka au ikirudi, umeshajua historia yake bila kumuuliza dalali.

Giaboksi nayo ina kosa lake moja kubwa, na linafanywa siku ya servisi. IST ya kwanza ina giaboksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne, inayotumia oili aina ya ATF. Vitz za kizazi cha pili, zilizotoka kuanzia 2005, nyingi za lita 1.3 zina CVT, isiyo na gia bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Mkanda ule unahitaji oili yenye uwezo wa kushika chuma kwa chuma bila kuteleza. ATF haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiitia kwenye CVT, mkanda unateleza, unachonga puli, na giaboksi inaanza kuunguruma kwa sauti ya juu gari likiwa halisogei ipasavyo. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi, maana hata fimbo ya gia inafanana. Angalia kibati cha chasisi, mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: ikianza na K ni CVT, ikianza na U ni otomatiki ya kawaida. Piga picha kibati hicho kwa simu, na siku ya kubadilisha oili mwonyeshe fundi kabla hajafungua nati. Atakasirika kidogo, usijali.

Kuhusu madai kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, uliza maisha ya nani. Kwa joto na foleni zetu ningeibadilisha kila kilomita 40,000 hivi, na gari jipya mikononi mwangu ningeanza nalo mara moja, isipokuwa giaboksi iwe tayari inateleza. Hapo oili mpya haitaifufua.

Miguu ya gari inaumia haraka kuliko vyote, ila ndiyo sehemu isiyo na siri. Linki za stabilaiza zinagonga kwanza, zinafuata bushi za wishboni, boljointi, kisha mauntini za shokapu. Ukisikia kogo-kogo kwenye barabara ya vumbi lakini kimya kwenye lami, anza na linki, ni za bei ndogo. Mtetemo unaokuja ukiwa kwenye D umesimama, ukipotea ukiweka N, mara nyingi ni mauntini za injini. Kwenye Passo na Vitz za lita 1.0 zenye injini ya 1KR-FE usiharakishe kulaumu, maana injini hiyo ina silinda tatu na kwa asili yake inatikisika kidogo.

Ninachokilalamikia ni kunyanyua. Mtu ananunua IST, ndani ya wiki ameweka spesa juu ya shokapu gari lisiguse matuta. Naelewa, njia za Goba na Kivule zinajulikana. Lakini ekseli zilipangwa zikae karibu mlalo. Ukiinua gari, jointi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa, buti zake zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia kata-kata ukikata kona. Boljointi nazo zinakaa kwenye pembe isiyo yake. Kama ni lazima, nyanyua kidogo, na fanya alaimenti siku hiyo hiyo. Spesa ya kutengenezwa kwa mbao au tairi la lori iache palepale ulipoikuta.

Tairi nazo, tusizisahau. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka tisa linapasukia Chalinze, si gereji.

Kuna biashara moja ambayo mnunuzi anapaswa kuijua, nayo ni ya masega. Ndani ya ekzosi kuna kipande chenye vitundu kama sega la nyuki, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Kina soko. Mwenye gari anaambiwa kuwa masega "yanabana injini", yanatolewa, wakati mwingine bila yeye kujua yamekwenda wapi. Gari linabaki na bomba tupu, sensa ya oksijeni iliyo nyuma inasoma vitu visivyoeleweka, na taa ya chekinjini inawaka. Kuizima kwa uaminifu ni gharama, kwa hiyo wengine wanaing'oa balbu yenyewe. Jaribio lake ni rahisi: washa swichi bila kupiga starta. Taa ya chekinjini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, kuna kitu kimefichwa. Fanya hivyo hivyo kwa taa ya mikoba ya hewa, maana Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 duniani, Corolla na Vitz za miaka ya 2000 zikiwamo, kwa sababu ya mikoba ya Takata ambayo kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevu. Joto na unyevu Dar havijawahi kutuishia. Namba ya chasisi inatosha kuhakiki kama gari lako limo.

Sasa hesabu ya mwaka. Tuchukue kilomita 12,000, ambazo ni za mtu anayekwenda na kurudi kazini kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Petroli tuiweke Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi; bei halisi utaisoma EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari zima la lita 1.3 kwenye foleni linaweza kukupa kilomita 11 kwa lita. Hiyo ni Sh3.27 milioni kwa mwaka. Bima ndogo ni Sh118,000 pamoja na VAT. Servisi tuseme Sh100,000 kila kilomita 5,000, yaani Sh240,000. Miguu Sh350,000. Tairi, ukigawa kwa miaka mitatu, Sh200,000. Kulanti, plagi, oili ya giaboksi na betri vikigawanywa, Sh300,000. Maegesho Sh300,000. Kuosha kwa Sh5,000 kila wiki, Sh260,000. Na kama ulinunua kwa Sh13 milioni ukauza Sh9 milioni baada ya miaka minne, umepoteza Sh1 milioni kila mwaka hata usipoligusa. Jumla ni Sh6 milioni na kidogo, kama Sh500 kwa kila kilomita.

Angalia vizuri namba hizo. Kuosha kumepita servisi ya oili. Sina ubaya na vijana wa kuosha magari, ila ni watu wachache wanaobishana nao bei, wakati kwa fundi mtu atatumia nusu saa akitaka filta "ile ya bei ya chini". Pia, mafuta peke yake ni zaidi ya nusu ya kila kitu. Gari lililotolewa thamostati, lenye plagi zilizochoka au tairi laini, likishuka kutoka kilomita 11 hadi 9 kwa lita, linakula lita 242 zaidi kwa mwaka, Sh727,000. Hela hiyo inapita servisi na miguu ya mwaka mzima ukivijumlisha, na inatoka kidogo kidogo kwenye pampu bila risiti inayosema "thamostati". Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta, gari linalokula ovyo linalipa hata barabara zaidi ya jirani yake.

Kwa upande mwingine, tuseme injini imenoki na ya mtumba kutoka Japani pamoja na ufundi inakugharimu Sh2 milioni. Hiyo ni servisi ya miaka minane. Na bado kuna kadi ya gari: namba ya injini imeandikwa pale, na ukibadilisha unatakiwa utoe taarifa TRA. Wengi hawatoi. Kwa mnunuzi hilo ni msaada, maana namba ya injini isiyolingana na kadi inaonyesha kwamba ile ya kwanza ilishakufa, na mtu aliyeiua huenda ndiye anayekuuzia.

Bima kubwa sijaiweka kwenye hesabu. Kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, na kwa gari la Sh13 milioni ukiongeza VAT inakaribia Sh540,000. Kwa aliyenunua kwa mkopo wa kazini, au asiye na akiba ya kununua jingine likiibwa, ningesema kata. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe haikujui.

Na fundi wa kukukagulia gari kabla ya kununua, mlipe. Mlipe kiasi kile kile ukinunua au usinunue, na umlipe kabla hajaliona gari. Fundi anayesubiri "cha juu" kutoka kwa dalali ataliona kila gari ni zuri, na simlaumu sana, naye ana watoto. Mfikishe asubuhi injini ikiwa haijawashwa. Muuzaji akikwambia "nimeshaiwasha ili upate kuisikia", ahirisha, rudi kesho.

Anayeniuliza achukue lipi, namjibu hivi. Kama unaishi Sinza na unafanya kazi Posta, Passo au Vitz ya lita 1.0 inatosha, na kwa gari la chini ya cc 1,000 hata ule ushuru wa asilimia 5 haupo. Kama una familia na kila Krismasi unapanda nayo Moshi, chukua IST ya 1.3 au 1.5 yenye giaboksi ya kawaida. Vitz ya CVT ni gari zuri likija na historia ya oili yake. Likija bila historia, punguza bei kwa gharama ya giaboksi nyingine au liache. Na ukikutana na namba C ambayo mwenyewe ana risiti za oili, rejeta ina kulanti nyekundu, taa ya buluu inazima kwa wakati na chekinjini inawaka panapostahili, usiipite kwa ajili ya namba E ya yadi iliyotiwa polishi. Mpe bei ya namba C, na tofauti inayobaki itie kwenye tairi nne mpya na oili ya giaboksi.